Damu Nzito ya Afande

Afande hakusalimia watu kwa mkono. Alikushika kidevu, akakugeuza uso upande wenye jua, kisha kwa kidole gumba chenye grisi akaivuta chini ngozi ya jicho lako na kuchungulia kana kwamba amedondosha funguo zake humo. Alikuwa anatafuta damu. Akikuta wekundu alisema, "Huyu mtu." Akikuta weupe alisema, "Huyu chai." Siku niliyofika kwake mara ya kwanza alinichungulia macho yote mawili, akaniachia kidevu, akawageukia vijana wake na kutangaza, "Mama Kitenge ni chai ya maziwa." Wakacheka wote. Mimi ni mwanamke niliyevuka hamsini, nimezaa, nimevuka mpaka na watoto, nimesimama soko la Nakivubo nikiuza vitenge jua na mvua, halafu naitwa chai mbele ya vijana wenye vifua kama makabati. Nilitaka kumtukana. Nikamuuliza tu nianze na chuma kipi.

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi, na sikuwahi kuuliza. Hata hilo jina la Afande, kama alijipa au alipewa, lilikuwa na mabishano. Kuna waliosema alikuwa jeshini akifundisha askari mazoezi. Kuna waliosema alikuwa jeshini kweli, lakini jikoni. Ukimuuliza mwenyewe hakujibu, aliinua kitu kilichokuwa karibu. Siku moja mke wa fundi wa gereji alimuuliza kwa upole kama amewahi kuoa, akainua tairi la lori.

Jimu yake ilikuwa Kasubi, hapa Kampala, nyuma ya gereji, chini ya mabati yaliyoshikiliwa na nguzo na dua. Haikuwa na ukuta wala mlango. Vyuma vyake ni vile vilivyoshindikana gerejini: gia za lori, ekseli zilizopinda, madebe ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Hakuna aliyejua uzito wa chochote pale, kwa hiyo Afande alivipa vyeo. Debe dogo lilikuwa Koplo, gia kubwa ilikuwa Sajenti, na ile ekseli nzima yenye madebe pande zote ilikuwa Jenerali. "Leo nani nabeba Jenerali?" alipiga kelele, na vijana wakatazama chini kama watoto wa shule ambao hawakufanya kazi ya nyumbani. Jenerali alibebwa na Afande peke yake. Mimi nilipewa Koplo, na huyo Koplo alinitesa wiki nzima.

Niwaambie kilichonipeleka kule, msije mkadhani nilikuwa natafuta umbo. Mama yangu alianguka kwetu Bukavu akiwa anachambua maharage. Alikuwa anaongea, akanyamaza katikati ya neno, mdomo ukaenda upande. Kiharusi kilimchukua mkono kwanza, kisha kikarudi kuchukua chote kilichobaki. Basi nilipopimwa hapa Kampala nikaambiwa nami nina presha, sikulala vizuri tena. Daktari wa kliniki ninapotibiwa, kijana mmoja mpenda maongezi, alinipa vidonge, akanipunguzia chumvi, halafu akasema, "Mama, na uwe unanyanyua vitu." Nikamwambia nabeba majora ya vitenge tangu alfajiri, ninyanyue nini tena? Akasema kubeba kwa haraka na hasira ni kitu kimoja, na kunyanyua kwa mpango huku unapumua ni kitu kingine. Jimu za mjini zina vioo na muziki na wasichana waliovaa nguo za kubana. Ya Afande ilikuwa karibu na nyumbani, na kioo pekee kilikuwa cha gari lililokufa.

Sasa tuje kwenye maji, maana ugomvi wetu wote ulikuwa hapo.

Nilifika na chupa yangu ya maji, kama mtu yeyote mwenye akili. Nilipomaliza kupambana na Koplo nikaifungua. Afande akaja mbio utafikiri nimefungua sumu. Akaninyang'anya, akaenda kando ya jimu ulipokuwa mgomba mmoja, akaimwaga yote kwenye shina.

"Maji ni ya kuoga," akasema.

"Afande, nina kiu."

"Kiu ndiyo dawa. Sikiliza, Mama Kitenge. Pombe ukitia maji, bado ni pombe? Uji ukitia maji, nashibisha mtu? Basi damu ni hivyo hivyo. Damu nzito ndiyo nguvu. Wewe nakunywa maji, damu nakuwa mchuzi."

Ubaya wa maneno ya namna hiyo ni kwamba yanaingia kichwani bila kubisha hodi. Vijana walikuwa wanatikisa vichwa kuafiki, midomo imewakauka na kupasuka. Wote waliwahi kunyang'anywa chupa, na zote zilimwagwa palepale. Ule mgomba ndio uliokuwa na afya kuliko mtu yeyote pale jimu. Ulikuwa umenenepa, majani yake mapana yanang'aa, na ulizaa mikungu ya matoke ambayo majirani walikuja kuishangaa. Afande alituonyesha mgomba ule kama mfano wa nidhamu. Jamani, hakuona!

Nilimsimulia daktari wangu habari hizi, nikitaka acheke. Hakucheka. Alisogeza kiti. Akaniuliza nauzia wapi, nikamwambia Nakivubo, kwenye vichochoro vya ndani ambako mtu na mzigo wake wanapita kwa kujipinda. "Vizuri," akasema, "basi damu unaijua tayari. Kuna maji, na kuna chembe nyekundu zinazobeba hewa. Chembe hizo ni kama wale wachukuzi wenu. Mishipa midogo ni myembamba kuliko chembe yenyewe, kwa hiyo inabidi chembe ijikunje ndipo ipite. Ukinyanyua kitu kizito, sehemu ya maji inatoka kwenye mishipa inaingia kwenye misuli. Chembe zinabaki zimebanana. Damu inakuwa nzito kweli, huyo mzee wako hajadanganya hapo. Ila uzito huo ni msongamano, mama. Si nguvu." Akasema ukipumzika na kunywa maji, mambo yanarudi sawa baada ya muda mfupi. Na mtu anayefanya mazoezi miezi na miezi, mwili wake unajifunza kuweka maji mengi zaidi kwenye damu, inakuwa nyepesi na kupita vizuri. "Kwa hiyo mnyanyuaji mzuri," akamalizia, "ni yule mwenye damu nyepesi."

Nilirudi Kasubi na habari hiyo moto moto. Afande alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilinishangaza, kisha akasema, "Daktari huyo nabeba nini?" Nikasema sijui, labda kalamu. "Basi," akasema, akaenda zake kwa Jenerali. Vijana wakacheka tena.

Lakini kitu kimoja mzee aliruhusu, nacho ni bugga. Mnaijua ile mboga nyekundu, ukiichemsha sufuria nzima inageuka rangi. Afande aliamini kuwa maji yake ni damu iliyopitia shambani. Kila asubuhi alileta birika lake, akaonja kijiko kimoja mbele yetu kwa heshima kama padri, akafunika. Nikawaza: kumbe adui si maji, adui ni weupe wake. Kesho yake nikatia majani mawili ya bugga kwenye chupa ya maji, yakawa ya waridi tu, nikanywa mbele yake glu glu glu. Akanitazama kwa furaha. "Sasa nakuwa mtu," akasema. Haikupita wiki, jimu nzima ilikuwa na chupa za waridi. Wasswa, mwendesha boda mmoja mwenye mdomo kuliko misuli, alikuwa anatia jani moja kwenye chupa kubwa, halafu jani lenyewe analitumia tena kesho. "Maama," akaninong'oneza, "umetuokoa, banange." Sote tulikuwa tunamdanganya, naye alikuwa anatusifu kwa utii. Aliyebaki kuishika sheria ile kwa moyo wake wote alikuwa yeye mwenyewe. Kijiko kimoja cha bugga, jua la Kampala, na Jenerali mabegani mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

Na pumzi pia. Daktari alisema pumua. Afande alisema, "Funga! Hewa nakaa ndani, nasukuma chuma." Uso wake ulipokuwa chini ya Jenerali ulibadilika rangi mpaka ukatisha, macho yakatoka, na akiishusha ekseli alishika nguzo kidogo na kufumba macho. Vijana walidhani anaomba. Mimi nilikuwa nimewahi kuona mtu anashika kitu hivyo, jikoni kwa mama, miezi michache kabla ya yale maharage. Kuanzia hapo mzaha wangu kwake ulikuwa na hofu ndani yake.

Msinielewe vibaya, mtu yule alikuwa na mazuri yake, na hayo ndiyo yaliyoniudhi zaidi. Ukiwa chini ya chuma, mikono yake ilikuwa chini ya chuma hicho hicho, haigusi, inangoja. Hakuna mtu aliyewahi kuangukiwa na kitu pale. Alikutukana huku anakulinda. Kuna mama mjamzito jirani na gereji alishikwa na uchungu siku ya mvua, boda zimekataa kupanda matope. Afande alimbeba mgongoni mpaka barabara kuu, akampandisha gari, akaenda naye hadi hospitali ya Mulago. Mtoto alizaliwa salama. Afande alikaa nje ya geti muda wote huo akinyeshewa, amemshikia mama wa watu mkeka na ndoo. Mlinzi alimwambia aingie chini ya paa. Akakataa kata kata. Alirudi na mafua, akasema ni ya vijana waliopiga chafya.

Hakuingia kwa maana alikuwa anaogopa. Mtu aliyeongea damu kutwa hakuweza kuitazama damu. Vijana walinunua kuku wa sikukuu, na kisu kilipotoka Afande akakumbuka kuwa anatakiwa kwenda kukagua barabara. Akakagua barabara mpaka kuku akawa mchuzi. Wasswa alipojichubua ugoko kwenye Sajenti, Afande alimfunga kitambaa vizuri kabisa, amefumba macho, anapapasa. Tulijikaza tusicheke, tukashindwa. Na sindano! Ukitaja sindano aliinua kitu.

Mwili wangu, wakati huo wote, ulikuwa unabadilika. Lazima niseme, ingawa naumia kumpa sifa. Nilipanda kutoka Koplo hadi Sajenti. Nilikuwa napanda ngazi za soko bila kusimama kujifanya natafuta simu. Daktari alinipima, akapima tena, akatabasamu, presha ilikuwa imeshuka vizuri. Nilimpelekea Afande habari hiyo, mjinga mimi, nikidhani ataniuliza nimefanyaje. Akanishika kidevu, akanishusha jicho, akawatangazia vijana, "Mmeona? Damu nzito." Nikasema, "Afande, ni vidonge, na Koplo wako, na maji." Akacheka. "Maji!" akasema, kama mtu aliyesikia kituko.

Halafu likaja hema.

Wale wanaokusanya damu ya kuongezea wagonjwa walikuja kuweka hema lao kwenye uwanja wa kanisa pale Kasubi. Wasswa ndiye aliyeleta habari, na yeye ndiye aliyeichafua. Alikuwa amewaona wakipima watu: wanakutoboa kidole, wanadondosha tone moja kwenye chupa ya maji ya buluu. Tone likizama, damu yako inatosha. Likielea, unarudishwa nyumbani ule mboga. Afande alisimama kama amepigwa na umeme.

"Nazama?" akauliza.

"Inazama, Afande. Ile nzito inazama."

Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile. Miaka yote anafundisha damu nzito, anachekwa na madaktari, anabishiwa na wauza vitenge, na sasa serikali nzima imekuja na chupa ya buluu kumpa haki yake. Muuguzi wa hema, tuliyemwita sista, alikuwa anapima kama damu ina wekundu wa kutosha kutolewa. Afande aliona mashindano. Akatangaza kuwa kikosi chote kitakwenda, na tone litakalozama haraka kuliko yote, mwenye nalo atabeba cheo cha Jenerali Mdogo. Akakataza maji tangu asubuhi. Akakataza na ya waridi, tone lisije likasaidiwa na mboga. Akasimama mlangoni pa jimu isiyo na mlango, akanusa chupa za watu.

Tukaenda kwa mstari, kwa mguu, jua kichwani. Mimi nilikwenda na chupa yangu kwenye mkoba, nikanywa njia nzima, na aliyetaka kunitazama vibaya akatazama. Pale hemani vijana walitobolewa vidole huku wanashangilia kama wako uwanjani. "Limezama! La Wasswa limezama!" Sista alikuwa anawaambia wanyamaze, hawamsikii. Wasswa aliinua mikono juu kwa ushindi, macho yakageuka, akaporomoka chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Watu wa hema wakamlaza, wakamwinua miguu, wakampa juisi na maji, maji mengi. Sista akauliza lini amekunywa kitu mara ya mwisho. Wote walimtazama Afande, na Afande alitazama barabara.

Hapo angeweza kurudi nyumbani. Lakini vijana walianza kumwimba, "Afande! Afande!" Akaketi. Akatoa kidole, akageuza uso kabisa, akanishika mimi mkono, bila kutazama ni wa nani, akaubana hadi nikaumia. Tone lake lilizama kama jiwe. Wakashangilia mpaka mapadri wakachungulia. Sista akamfunga mkanda wa presha. Akatazama mashine. Akaufungua, akaufunga mkono wa pili. Akatazama tena, na nilimwona usoni kuwa hapendi anachokiona.

"Mzee, umekuja na nani?"

"Na kikosi."

"Huwa unaumwa kichwa?"

"Kichwa cha mwanaume naumwa kila siku."

"Mzee, presha yako iko juu mno. Hatuwezi kukutoa damu. Unatakiwa kwenda hospitali leo hii, si kesho. Umenielewa?"

Afande akanyanyuka, akawageukia vijana wake. "Mmesikia?" akasema. "Yangu iko juu kuliko wote. Mpaka wamekataa kuitoa!" Na wakampigia makofi. Wale wajinga wakampigia makofi, na mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni naye akapiga. Nikamvuta kando ya hema kwa shati lake.

"Afande, usicheze. Mama yangu alianguka hivi hivi. Alikuwa mzima, anachambua maharage."

Akanishika kidevu. "Jicho lako nzuri sana siku hizi," akasema kwa sauti ndogo. "Ni nyekundu kabisa."

"Usiniletee habari za jicho! Twende Mulago. Nitakusindikiza mwenyewe."

Akatazama chini. Bila vijana kumtazama alikuwa mzee tu, shati limeloa mgongoni. "Jumatatu," akasema.

Na Jumatatu alikuja, niseme ukweli. Alikuja amepiga pasi, amenyoa, ana leso mfukoni. Nilifunga biashara yangu siku ya wateja, tukaenda. Njiani alinisimulia jinsi askari wanavyofundishwa kuruka mitaro, maneno mengi, hakupumua. Tulipofika getini akasimama. Alikuwa anatazama watu wanaoingia, mmoja amefungwa kichwa, mwingine kwenye kiti cha magurudumu. Kisha akajipiga paji la uso.

"Mama Kitenge, nimesahau kufunga jimu."

"Afande, jimu haina mlango."

"Ndiyo maana," akasema, na akaondoka. Hakukimbia. Alitembea kwa hatua za gwaride, kifua mbele, mpaka akapotea kwenye watu. Nilimpigia kelele, nikamwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, mlinzi akaniambia nipunguze sauti. Nilikasirika mwezi mzima. Nilikuwa nafika jimu, nabeba Sajenti wangu, nakunywa maji meupe mbele yake bila jani hata moja, na yeye anajifanya haoni. Hakuzimwaga tena chupa zangu. Labda ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi, lakini hakunywa.

Alianguka mchana, wakati anamfundisha kijana mgeni namna ya kumwinua Jenerali. Sikuwepo, nilikuwa sokoni. Wasswa alinipigia. "Maama, Afande ameongea, halafu maneno yamegeuka." Nilijua bila kuambiwa mengine. Wasswa hakungoja gari. Walimweka Afande kwenye boda katikati yake na kijana mwingine, wakapita naye kwenye lile geti alilolikataa, amelegea, hana la kukagua.

Hakufa. Kwa muda mrefu hakutaka mtu amwone. Nilipeleka mchuzi, dada yake, ambaye sikujua hata kama yupo, akaupokea mlangoni akanishukuru, mlango ukafungwa. Jimu ilitawanyika. Fundi wa gereji alichukua ekseli akapata matumizi nayo, kwa hiyo Jenerali sasa yuko chini ya gari la mtu. Mgomba ulikosa maji ya watu na majani yakaanza kupasuka pembeni. Wasswa alininong'oneza siku moja kuwa ilikuwa kosa letu, kwa zile chupa za waridi tulizomdanganya nazo. Nikamwambia anyamaze. Nilijua kosa lilikuwa la nani, na bado nilikasirika kama mtu aliyeibiwa.

Nimemwona mara moja tangu hapo. Nilikwenda Mulago kwa habari zangu nyingine, nikapita kwenye veranda ya wanaofundishwa kutumia viungo upya. Nikasikia sauti ya msichana ikisema, "Tena, mzee. Usifunge pumzi. Pumua." Na sauti nyingine, nzito, yenye ulimi uliolala, ikahesabu kijeshi. Nikarudi nyuma hatua chache.

Alikuwa amekaa kwenye benchi, amepungua, kanzu ya hospitali inamcheza mabegani. Mdomo ulikuwa umeelekea upande mmoja. Mkono wake wa kulia, ule uliokuwa unangoja chini ya vyuma vya watu, ulikuwa unatetemeka, na ndani yake kulikuwa na chupa ndogo ya maji. Ndiyo chuma chake. Msichana wa mazoezi, mdogo kuliko binti yangu wa mwisho, alikuwa amechuchumaa mbele yake na kuweka kiganja chini ya mkono ule, haugusi, anangoja.

Sasa sikilizeni. Mimi nilikuwa na maneno. Muda wote huo nimeyatunza. Nilikuwa nimeyapanga kwa ustadi, kuanzia mgomba hadi ile Jumatatu, na mtu mwenyewe huyo hapo, ameshika chupa ya maji mkononi, hawezi kukimbia. Mungu hampi mtu nafasi namna hiyo mara mbili.

"Afande," nikasema, "kumbe maji yanafaa."

Akanitazama. Jicho moja lilifunguka vizuri kuliko jingine. Alichukua muda kulitafuta neno.

"Hii si maji," akasema. "Hii Koplo."

Msichana akacheka, hakujua anacheka nini. Afande akamaliza kuinua, taratibu, jasho linamtoka kwa chupa ambayo mtoto angeibeba shuleni. Kisha msichana akamfungulia kifuniko. "Sasa kunywa, mzee. Daktari amesema lazima unywe." Nikangoja amwage. Niliangalia kabisa kama kuna mgomba karibu. Afande akaipeleka mdomoni kwa mikono miwili, akanywa, mengine yakamtiririka kidevuni, akanywa tena mpaka ikabaki nusu.

"Umefanya vizuri. Tunamalizia raundi moja, halafu upumzike."

Akaishika tena chupa. Hakuinua. Aliitazama, akaitikisa, maji yakacheza ndani, na nikaona uso wake ukifanya ule mkunjo wa zamani, alioufanya alipomkamata kijana akipunguza saruji kwenye debe lake. Ilikuwa nyepesi. Akaunyoosha mkono ule unaotetemeka kuelekea kwangu, na chupa ndani yake.

"Mama Kitenge," akasema. "Jaza."

Nikaichukua, nikaenda bombani, nikaijaza hadi mdomoni.